Maji ya Elinami Yamepimwa

Mama, shikamoo.

Nina habari na siwezi kuikalia. Jana maji ya Elinami yalipimwa, na yamefaa kunywa.

Ngoja nianze vizuri, maana uliondoka tukiwa tumenuniana. Nilipomtoa Elinami, mjukuu wako, shule, kidato cha kwanza, wewe uliyefundisha maisha yako yote ulisema, "Mtoto asiyesukumwa hulala." Nikakujibu vibaya, kwamba wewe humwoni akirudi nyumbani macho yamekufa. Wiki tatu baadaye tukakuzika. Nisamehe, Mama.

Na ulikuwa na haki ya kuogopa. Miezi mitano nilishona nguo za watu barazani hapa Maji ya Chai, yeye kajinyoosha kwenye mkeka anatazama mabasi. Sikumpa kitabu wala ratiba. Majirani waliniuliza kama anaumwa. Siku moja niliitoa ile sare kabatini, nikaipiga pasi, nikalia, nikairudisha.

Halafu akaja mteja na binti yake wa miaka minane, meno ya mbele yameshakuwa ya kahawia kama ya kwetu sote. Elinami akaniuliza, "Kwa nini?" Nikamwambia ni maji. "Maji yana nini?" Nikasema sijui.

Kesho yake akaenda kwa miguu ofisi ya maji kuuliza, peke yake. Akarudi na neno: floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya Mlima Meru. Akarudi pia na habari kwamba makaa ya mifupa huyanasa.

Mama, ungemwona! Alipita kila bucha kuomba mifupa. Aliichemsha, akaianika, akaichoma kwenye pipa lililofunikwa. Mara ya kwanza ikawa majivu. Mara ya pili maji aliyoyachuja kwa makaa hayo yalinuka mzoga, nikatapika. Yeye anaandika tu kwenye kaunta buku, daftari lake nene: moto ulikuwaje, mifupa ilikaa muda gani. Uwiano, ile hesabu aliyokuwa akipata sifuri, alinifuata mwenyewe nimsaidie, na nilipokwama akamaliza bila mimi.

Jana tukapeleka chupa mbili maabara mjini, ya bombani na yake. Mpimaji akapima, akapima tena. Akamwuliza, "Nani amekufundisha?"

"Nilikosea mara sita kwanza," Elinami akasema.

Nilitoka nje nikasimama kwenye jua.

Tukiwa njiani akaniuliza kama mtu anaweza kufanya mtihani bila kurudi darasani, kwa sababu anataka kemia. Nikamwambia yapo mambo ya mtahiniwa wa kujitegemea, tutaulizia. Nilitamani kuongeza maneno mia, nikauma ulimi. Baadaye kidogo akasema, "Bibi angefurahi?"

Nikamwambia ungeliomba hilo kaunta buku, ungelisoma lote, kisha ungemrudishia limejaa wino mwekundu kwa sababu ya tahajia. Tukacheka mpaka watu wakatugeukia. Halafu tukakukumbuka, sote wawili.

Jumamosi tunakwenda kutafuta kitabu cha kemia. Ahadi yangu kwako ni hii: atakachouliza nisichokijua, nitakiri sikijui, kisha nitakwenda naye kukitafuta.

Pumzika, Mwalimu wangu.

Mwanao,
Anaeli