Modemu Yako Haikukosea, Baba

Shikamoo, Baba.

Nimeitamka kwa sauti, peke yangu hapa sebuleni Kilindoni, kisha nikanyamaza kana kwamba utaitikia. Ndivyo nilivyochanganyikiwa leo. Tangu asubuhi nimekaa kwenye kiti chako, simu iko mapajani, mlio nimeupandisha mpaka mwisho, na kila mara naitazama kama mtandao upo. Naogopa, Baba. Naogopa mpaka chai imenishinda kumeza.

Mjukuu wako Zuhura amelazwa Dar. Ilikuwa afanyiwe upasuaji wa kujifungua wiki ijayo, na mimi niwe nimeshafika. Jana presha ikapanda, daktari akasema hakuna kusubiri, ni leo. Nafasi ya ndege ya kutoka huku kisiwani niliyoipata ni ya kesho. Mumewe yuko naye, lakini mtoto wangu alinililia kwenye simu: "Mama, kabla hawajaniingiza nitakupigia. Usikae mbali na simu." Hajui amenigusa wapi. Wewe nawe hukuwahi kujua, na ndiyo maana nakuandikia.

Unaikumbuka modemu ya kwanza? Ile iliyokuwa ikipiga mayowe kila ukiunganisha intaneti, mpaka majirani wanajua leo muuza nazi anatafuta wateja. Ikishaunganishwa, simu ya mezani inakufa. Anayepiga anaambiwa inatumika. Na mtu akinyanyua mkono wa simu, kila kitu kinakatika. Shangazi Mwajuma aliunyanyua mara ngapi awapigie watu wake wa Miburani! Ukapandisha hasira, ukavua kofia yako ya zamani, ile iliyochanika ukingoni, ukaifunika simu. Ukasema, "Kofia ikiwa hapa, asiguse mtu." Ikawa sheria ya nyumba. Hata wageni waliijua.

Halafu ukaleta ile mpya. Wallahi uliisifu kuliko ulivyonisifu mimi nilipofaulu kuingia sekondari. Iliunganisha upesi kwa sababu ilikuwa inaikumbuka laini yetu. Picha ilizituma haraka. Lakini kubwa kuliko yote, uliwaambia wenzako barazani, haizuii tena simu. Mtu akipiga, kidirisha kinatokea kwenye kompyuta na namba yake. Ukibonyeza kupokea, simu inalia, unaongea, intaneti inakusubiri palepale. "Hii ina adabu," ulisema. "Mgeni akibisha hodi, inampisha." Ukanifundisha mimi peke yangu, maana Shangazi alikataa katakata kushika mausi.

Hukuinunua kwa ajili ya nazi, najua. Uliinunua kwa sababu Mama alikuwa amepelekwa Dar na uvimbe wake wa tumbo, na ulitaka akipiga akupate, hata kama uko kwenye intaneti unamtafutia msaada kwa ndugu zako wa Muscat.

Ijumaa ile ulikuwa unawatumia ndugu zako vyeti vya hospitali. Vilikuwa vingi, na ulikuwa umeshajaribu siku mbili laini ikakatika. Adhana ikakukuta katikati. Ukavaa kofia nzuri, ile ya zamani ukaiweka juu ya simu kwa mazoea tu, ukaniambia mlangoni, "Kaa hapo. Kofia ipo, asiguse mtu mpaka nirudi."

Baba, kidirisha kilitokea.

Niliiona namba. Ilianza na tarakimu za Dar. Mkono ukaenda kwenye mausi, nikaitazama kofia. Nikamwita Shangazi, "Kuna simu inaingia, nipokee?" Akajibu kutoka jikoni, "Wee! Kofia si ipo? Ukivikata vyeti vya mama yako utamwambia nini baba yako?" Nikakiacha. Kikapotea. Kikarudi tena, namba ileile. Nilikuwa kidato cha tatu, najua kusoma, najua vizuri kabisa kwamba intaneti ingesubiri, ulishanionyesha. Lakini niliiogopa ile kofia kuliko nilivyoamini maelezo yako. Nikakiacha mara ya pili.

Vyeti vilifika Muscat vyote. Jioni Mjomba Rashidi, aliyekuwa na Mama hospitali, akapiga kutoka Dar, safari hii ukapokea mwenyewe. Mama hakutoka kwenye upasuaji. Mjomba akakwambia Mama aliomba kuongea nawe kabla ya kuingia, naye akakupigia mara mbili, haikupokelewa.

Ukaigeukia modemu. Hukunigeukia mimi. "Imenidanganya," ulisema. Ukaing'oa ukutani na waya zake. Matanga yote ulikuwa unawaeleza watu kwamba uliuziwa kitu kibovu, eti simu zinaingia, simu gani! Shangazi akainamisha kichwa, mimi nikainamisha kichwa. Hatukuwahi kulizungumza mimi na yeye mpaka naye Mungu akamchukua.

Miaka yote ile nilikaa na wewe nyumba moja. Nilikupikia, nilikuuguza, nilikukata kucha. Mara ngapi nilifungua mdomo! Mwaka wako wa mwisho uliniuliza ghafla, tukiwa tunakunywa uji, "Hivi mama yako alitaka kuniambia nini siku ile?" Nikasema, "Sijui, Baba," na hilo lilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote. Niliogopa ungenitazama vibaya. Mwoga mimi, ndiyo. Nikaachia chombo kibebe lawama yangu kwa sababu hakina mdomo.

Modemu yako haikukosea. Ilifanya kila ulichosema itafanya. Ilimpisha mgeni, mimi ndiye sikumfungulia. Nisamehe, Baba, na Mama kama uko naye mwombe anisamehe.

Na sasa unajua kinachonitetemesha. Si presha ya Zuhura peke yake. Naogopa kwamba nitalipwa leo. Najua utaniambia niache ujinga, Mungu hamlipizi mtu kwa mtoto wake. Niambie basi, maana mwenyewe nashindwa kujiambia. Asubuhi jirani aliniletea mihogo, akaomba simu ampigie mwanawe dakika moja tu. Nilimfokea mpaka akarudi na sahani yake. Nitamwomba radhi kesho.

Nimeacha kuandika hapo kwa sababu imelia.

Nimepokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nikapiga kelele, "Mama yako hapa! Nipo! Sema!"

Zuhura akacheka, Baba. Anatetemeka meno lakini anacheka. "Mama, mbona hivyo? Nilidhani hutapokea haraka."

"Sema, mwanangu. Unataka kuniambia nini?"

Nyuma nilisikia magurudumu ya kitanda na muuguzi akimwambia haya, dada, tunaingia.

"Sina la kusema," akasema. "Nilitaka kukusikia tu."

Wameshaingia naye. Bado naogopa, na simu iko mapajani palepale. Lakini ulikuwa umeniuliza swali tukinywa uji, na leo nimeona nisikae nalo tena. Mama hakuwa na la kusema, Baba. Alitaka kukusikia tu.

Mwombee mjukuu wako.

Ni mimi binti yako, uliyeniachia kompyuta Ijumaa ile.