Gari Moshi Lililotangulia Alfajiri

Ijumaa, kipupwe. Upepo umevuma usiku kucha, vumbi limeingia hadi kwenye mtungi wa maji. Nimechoka.

Tangu wiki iliyopita hadi leo alfajiri Baba alikuwa hajakanyaga msikitini.

Yeye ndiye aliyekuwa akiadhini alfajiri hapa mtaani tangu sijazaliwa. Macho yake yaliingia ukungu siku nyingi, akatuficha. Badala ya kutazama weupe wa mashariki, akawa anasikiliza gari moshi la Mwanza. Likipiga honi kuingia stesheni, anajua wakati umefika, anatoka kuadhini. Hata mimi ninayemfulia kanzu sikujua.

Wiki iliyopita watu wa reli wakabadilisha saa za gari. Likaingia usiku ungali mzito, Baba akaadhini. Watu wakatoka na baridi ile, wakasali, wakaketi kusoma uradi wakingoja jua. Wakaumaliza, wakauanza tena. Nyota bado zimejaa. Mwishowe mtu mmoja akacheka, na kicheko kile ndicho kilichomuumiza Baba. Sala ikabidi irudiwe.

Wazee walikuja kwa adabu, wakanywa kahawa yetu, wakasema, "Pumzika sasa, Sheikh. Kijana wetu Saidi atakupokea." Baba akajibu, "Alhamdulillahi," akageukia ukuta. Tangu hapo akawa anasali chumbani peke yake, uji anauonja tu. Nikaogopa atanifia hivihivi, bila ugonjwa wenye jina.

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Kila alfajiri ni mimi wa kumpashia maji ya udhu, kisha uji, kisha kazi za kutwa. Nikasema sasa nitalala.

Silali. Naamka saa ileile, nakodoa macho gizani nikimsikiliza anavyojigeuza kitandani.

Utotoni alitufundisha kwamba alfajiri malaika wa usiku hukutana na wa mchana, na kwamba anayemkumbuka Mola wake saa hiyo siku yake huwa na baraka. Mimi nilidhani ni maneno ya kuwatoa watoto kitandani. Siku hizi namwangalia yeye, aliyeuamsha mtaa mzima, hana wa kumwamsha.

Leo nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kanzu mwilini, tasbihi mkononi.

"Weupe umetoka?" akaniuliza. Hakuwahi kuniuliza kabla.

Nikaenda uani, nikatazama. "Ndio unaanza, Baba."

Saidi akaadhini. Sauti yake bado inatetemeka. Baba akaanza kumwitikia, neno kwa neno, polepole. Sikuwahi kumsikia akiitikia adhana ya alfajiri. Siku zote yeye ndiye aliyeitikiwa. Saidi akafika pale pa kusema sala ni bora kuliko usingizi. Pale msikilizaji harudii maneno hayo, humjibu mwadhini kwamba amesema kweli na ametenda wema.  

"Sadakta wa bararta," Baba akasema. Akalia.

Kisha akanyoosha mkono. "Nipeleke, mwanangu, kabla hawajakimu sala."

Nilimfikisha mlangoni. Saidi mwenyewe akaja kumpokea, akambusu mkono, akamwingiza safu ya mbele.

Sasa jua limeshatoka, nami nipo jikoni, macho yanawasha. Uji umepoa. Baba hajarudi, bado yumo kwenye uradi. Nitalala lini? Sijui. Kesho nitapasha maji mapema kuliko leo, maana sasa tutatembea wawili hadi msikitini, polepole.