Wenyewe Mnapaitaje?

3 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo. Goti langu linaniuma nikipanda ngazi, nikishuka tunapatana.

Najua utacheka kupata barua ya karatasi. Lakini mtu anayeshinda na simu sikioni, akifika nyumbani hataki hata kuiona.

Habari kubwa ni ya kituoni. Ile ramani yetu ya ukutani imeng'olewa. Sasa mtu akipiga simu kuomba gari la wagonjwa, nachapa anwani kwenye kompyuta, na mfumo wenyewe unachagua gari na njia. Mimi niliyeelekeza madereva kwa kinywa hiki miaka ishirini na miwili, leo nabonyeza "Kubali". Mkuu wa kituo ametupa miezi mitano. Atakayeshindwa kuchapa kwa kasi atatafutiwa kazi nyingine, na sote tunajua kazi hiyo haipo. Nachapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Lakini siwezi kutolewa kazini na kibodi! Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Nianzie wapi?

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona kweli, sikudanganyi. Goti lipeleke kwa daktari, usilisimulie tu.

Tumia vidole vyote kumi, nusu saa kila asubuhi, na mikono uifunike kwa kitambaa usione herufi. Wiki ya kwanza utatamani kuitupa kibodi dirishani. Usiitupe, ni ya ofisi.

Kuna jambo nimekuficha. Unajua nafanya kazi ya kompyuta, ila hujawahi kuniuliza kazi gani hasa. Kampuni yetu huweka mifumo kama hiyo maofisini. Wa kwenu hatukuuweka sisi, lakini ni ndugu wa hiyo tunayoiweka. Mwaka jana tuliweka mmoja kwenye ofisi ya ardhi, na makarani kumi na mmoja wakarudi nyumbani. Sikuzungumza na hata mmoja wao. Nimeona afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Mwanao, Chiriku

29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita sijapata jibu. Baba anasema u mzima, ila ukiulizwa habari zangu unabadilisha mazungumzo. Kama umekasirika, niandikie hasira yenyewe. Nitaisoma yote.

Mwanao

6 Mei

Chiriku,

Marahaba. Mwili hauna neno. Moyo ndio haujakaa sawa.

Barua yako ilichelewa njiani, ikanifikia mwanzoni mwa Aprili. Hasira nilikuwa nayo, kwa siku tatu hivi. Kilichonifunga mkono ni kingine.

Tarehe kumi Aprili, saa nne asubuhi, mwanamume alipiga simu. Mkewe ameshikwa na uchungu. "Tuko Mtaa wa Shule, nyuma ya kinu." Nikachapa Mtaa wa Shule, gari likapangwa. Ila mji huu una mitaa miwili yenye jina hilo, na ule wa kinu mfumo hauujui, maana haujaandikwa popote. Watu wameupa jina wenyewe. Niliona kosa. Nikamwambia mkuu wa kituo, "Gari linaenda siko." Akasema, "Fuata skrini, mama. Tumekatazwa kubahatisha." Nikabonyeza. Gari lilizunguka dakika arobaini na tano. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nimeandika ripoti kwa mkono wangu, nikatia sahihi: niliona kosa, nikasema mara moja, kisha nikabonyeza. Mkuu akaniambia, "Hii itakuponza." Nikamjibu, "Ipokee. Na muhuri uugonge nikiona."

Sasa siku zangu za mapumziko natembea. Nabisha hodi, nauliza, "Hapa wenyewe mnapaitaje?" Nilianzia kwa yule mama. Nilimweleza mimi ni nani na nilifanya nini. Akaingia ndani akafunga mlango. Nikaenda nyumba ya pili. Daftari langu lina majina mia moja na sitini. Niambie, mfumo hufundishwaje?

Shangazi yako

17 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana. Nimeisoma barua yako nimekaa ngazini kazini, nikashindwa kurudi ndani.

Mfumo haujui lolote ambalo hakuna aliyeuambia. Ndani yake huwa na sehemu ya kuandika majina ya mahali, ila ufunguo wake, yaani neno la siri, hupewa wakubwa tu. Uombe kwa maandishi, uambatanishe ripoti yako. Kila jina litataka alama yake kwenye ramani, na hiyo ni kazi ya miguu. Nimechukua likizo ya wiki moja. Jumamosi niko kwako. Usinipikie karamu, nitafutie tu kofia.

Mwanao, Chiriku

20 Agosti

Mwanangu,

U hali gani? Malengelenge ya ile wiki yetu yamekauka? Mimi hata goti limenyamaza, nadhani limeona halisikilizwi.

Ufunguo nilinyimwa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda makao makuu na madereva wote sita. Wakubwa wa huko wakaniambia niisome ripoti mbele yao. Niliisoma mpaka mwisho. Wakanipa. Majina mia nne na kumi na mawili yameingia. Jumanne mzee mmoja alianguka, binti yake akasema wako Kona ya Mafundi Viti. Nikachapa herufi tatu tu, jina likajitokeza. Dakika nane gari likafika.

Usidhani mambo yote yamenyooka. Mwenzangu wa zamu ya jioni ameondolewa, na hilo sikuweza kulizuia. Nami mtihani wa kuchapa nimeanguka: wanataka maneno thelathini na tano kwa dakika, nimepata thelathini na moja. Nimeongezewa miezi miwili. Nitaufanya tena.

Na wewe huko kwako, utafanya nini?

Shangazi yako

2 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Swali lako lilininyima usingizi, kisha likanipeleka kwa bosi. Nilimwambia siweki mfumo tena mahali popote kabla sijakaa na wanaoifanya kazi hiyo. Akasema wateja wana haraka. Nikasema basi atafute mtu mwingine. Tulibishana mpaka chai ikapoa, akanipa wiki mbili.

Leo nimeanza kwenye kituo cha zimamoto. Mpokea simu wao ni mama wa makamo. Alipoliona begi langu la kompyuta alikunja uso. "Haya, ndiyo umekuja kunitoa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba sitaki kugusa chochote kabla hajanionyesha kila anachokijua. Akanipima kwa macho juu mpaka chini. Simu ikalia. Akaisogeza stuli kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Kaa," akasema. "Usiongee. Sikiliza."

Mwanao, Chiriku