Akinyi na Simu Tulizosikiliza

Oyugis, Ijumaa, 1996

Eti shujaa! Leo sokoni wanawake wamemkumbatia Akinyi, mwenzangu wa ofisi ya posta na simu, kana kwamba ameokoa nchi.

Alichofanya ni kumwambia mfanyabiashara mmoja wa hapa kwamba polisi wanasikiliza simu yake kupitia ofisi yetu. Walimshuku kwa wizi wa ng'ombe, na hakimu alitoa kibali. Sasa mtu huyo amekimbilia Tanzania. Mchunga ng'ombe wa mjomba wangu aliuawa katika wizi huo, lakini nani anamkumbuka? Mfanyabiashara huchangia kila harambee.

Mchana nilimkabili Akinyi. "Umefichua uovu gani? Amri ilikuwa halali."

"Mama Otieno, tulisikiliza kila aliyetumia simu yake," akasema. "Hata yule mama aliyemweleza dadake ugonjwa wake kwa simu ya dukani kwake. Polisi wakacheka."

"Basi ungeenda kwa hakimu!"

"Hakimu ndiye aliyeandika tusikilize wote."

Nikageuka nikarudi kaunta. Namchukia kwa hilo pia.

Jibu limenijia sasa, nikiwa kitandani. Kama alimhurumia yule mama, mbona hakumwambia yeye? Alimwonya mshukiwa. Huko si kufichua uovu, ni kumfungulia mwizi mlango, na sitaki kusikia neno shujaa tena.

Kesho wakubwa wanakuja kutoka Homa Bay kuuliza nani alitoa siri. Nitamtaja, tena bila kusita.

Lakini yule mama huja kaunta kila wiki kununua stempu. Hunisalimia kwa jina, na mimi hushindwa kumtazama usoni.