Kiti Kimepanda Vidole Vitatu

Jumatatu, 2 Machi 1987
Nimetoka Mutuini alfajiri kama kawaida. Uwatu na dania kwenye karia ya baiskeli, wateja wa nyumba saba za Kilimani. Uwatu kina mama wa Kihindi wanauita methi. Mimi nauita majani ya kumsumbua jirani kwa harufu. Kwenda, sawa. Kurudi, kupita maduka ya Adams tu, goti la kulia likagoma. Nimesukuma baiskeli kwa mkono mpaka nyumbani.

Kariuki, mume wa binti yangu Wambui, alikuwa kwangu akinywa chai yangu. Ameitazama baiskeli kama mtu anayepima suruali ya marehemu. Mama Wambui ametoa hukumu hapo hapo: Jumamosi nikirudi nikisukuma tena, baiskeli na wateja wote ni vya Kariuki. Mke wangu akishasema mbele ya mkwe, imeisha.

Nimeudhika. Lakini sijashindwa.

Jumanne, 3 Machi
Goti limeamka kabla yangu. Vidole vya mikono vina ganzi. Wambui anasema ni uzee. Uzee gani unaokaa goti moja?

Jumatano, 4 Machi
Baada ya kugawa mboga nimepitia Adams kwa Gurdip, Singasinga mstaafu wa reli. Anatengeneza baiskeli nyuma ya duka la mwanawe. Tuko rika moja, kwa hivyo hatuheshimiani. Ameniambia nipande nikae. Nimekaa, nyayo zote mbili chini, kama mwanamume. Amecheka mpaka kilemba kikaenda upande.

"Mzee, nani alikuambia hii ni stuli ya kukamua ng'ombe?"

Nimemweleza. Kwetu mtu mzima kiti chake kiko chini, ili akikutana na mtu wa heshima ashuke mara moja amsalimie kwa mkono. Kiti cha juu ni cha vijana wanaoonyesha wasichana makalio. Nimeendesha hivyo miaka thelathini.

"Basi miaka thelathini umechuchumaa, ndugu yangu."

Akanifundisha. Kisigino juu ya pedeli, pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Wangu ulikunjika kama wa panzi. Amelegeza nati, kiti kikapanda vidole vitatu. Usukani nao ameuinua, nisiulalie kwa viganja. Pua ya kiti ameishusha kidogo, maana ilikuwa inanionea mahali ambapo sitapaandika.

Nimerudi nimeketi juu kama karani wa D.C. Goti kimya. Raha tupu.

Halafu, karibu na kanisa, nikakutana na mama mzazi wa Kariuki. Muthoni wangu mwenyewe, ndivyo sisi Wakikuyu tunavyoitana wakwe wa kuheshimiana. Ameshusha mzigo wake wa kuni tayari kwa salamu. Mimi nataka kushuka, mguu unatafuta ardhi, ardhi haipo. Nikapita nikipunga mkono kama mgombea wa ubunge.

Alhamisi, 5 Machi
Mutuini yote inajua. Eti nimemdharau muthoni. Kariuki amekuja mbio na sura ya msiba, lakini macho yake yako kwenye baiskeli. Anasema mzee asiyeweza kushuka asipande. Githeri ya leo nimepewa baridi.

Jioni nimechukua spana nikarudisha kiti chini. Nimeona haya. Sipendi kuona haya, sina mazoezi.

Ijumaa, 6 Machi
Nimejaribu kilima cha karibu, kiti kikiwa chini. Goti limepiga kelele. Juu, napoteza adabu. Chini, napoteza baiskeli.

Nimeisukuma mpaka Adams. Gurdip hakucheka leo. Amekipandisha tena vidole vitatu, halafu akasema kiti hakina kosa, kosa ni langu: nataka kushuka nikiwa bado nimekaa. Shika breki, toka kwenye kiti, telezea mbele, baiskeli ilale kidogo upande, mguu ufike chini. Kwanza inuka, ndipo ushuke. Hivyo tu. Nimerudia mbele ya duka mpaka wateja wa mwanawe wakaanza kupiga makofi. Nyumbani nimerudia tena shambani. Nimeanguka mara mbili kwenye uwatu wangu. Hakuna aliyeona ila kuku.

Jumamosi, 7 Machi
Kilimani, nyumba saba. Kurudi, sikusukuma hata hatua moja. Sikupitia nyumbani kwanza. Nimeenda moja kwa moja mpaka kwa muthoni. Alikuwa anafagia uwanja. Breki. Mbele. Mguu chini. Nikamsalimia kwa mikono miwili.

Ameniangalia kuanzia viatu mpaka kofia.

"Muthoni, leo breki zimerudi kazini?"

Nimemwambia zilikuwa likizo. Amecheka, akaniletea uji. Kariuki ametoka nyuma ya nyumba akatukuta. Mamake amemtuma maji kisimani, na jerikeni mbili.

Nyumbani nimeingia nikiendesha, polepole, wote waone. Mama Wambui amenipakulia mwenyewe. Chakula kilikuwa moto.

Jumapili, 8 Machi
Sikwenda popote. Wambui amekuja baada ya kanisa. Amelibonyeza goti, akalikunja, akalinyoosha, akaliacha. Halafu akaenda ukutani kujaribu kukaa kwenye baiskeli. Miguu imening'inia.

"Baba, hii kiti ni juu sana."

Nimemwambia hicho ni kipimo changu. Ameshuka, kiti hakukigusa, akaiegemeza baiskeli yangu pale pale ilipokuwa.