Salamu za Ng'ambo ya Bonde

Jumatano, 7 Agosti
Nimefika kwa mama mdogo. Lo! Nyumba imekaa ukingoni kabisa. Fungua dirisha la jikoni – bonde hili hapa, kijani hadi chini, ukungu umelala juu ya mto. Nilisimama na begi mkononi, nikasahau kulitua.
Koo bado linauma. Daktari aliyenipasua kasema nisitamke neno hadi Jumapili, hata kunong'ona. Sauti ikirudi, narudi darasani. Isiporudi, mwalimu mkuu ameshanitafutia kazi: stoo ya vitabu. Mimi! Stoo!

Alhamisi, 8 Agosti
Huku simu hazishiki. Watu wanaongea kwa kuitana, ukingo kwa ukingo, asubuhi kabla ya upepo. Siri hakuna! Leo fundi seremala wa ng'ambo kanisalimia, nikabaki kimya. Akauliza mgeni gani huyu mwenye maringo. Mama mdogo akatoka mbio na mwiko mkononi, akamjibu kwa nguvu zake zote – mwanangu kafanyiwa operesheni ya koo, hana sauti, shika adabu yako! Bonde zima limesikia. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 9 Agosti
Seremala kavua shati, kanipungia. Ndiyo salamu yake. Nikampungia taulo. Wakaanza na wengine – shuka, fulana, hadi zulia! Nimecheka kimyakimya mpaka mbavu zikauma. Sura zao hata sizijui. Niwashukuruje watu hawa?

Jumamosi, 10 Agosti
Mvua. Uji, blanketi, usingizi. Mungu ni mwema. Ila naiogopa kesho.

Jumapili, 11 Agosti
Nimejaribu chumbani, peke yangu. Hewa tupu. Nikalia.
Mama mdogo kanikuta hivyo, wala hakunipa pole. Koo limelala tu, kasema, twende nje ukawasalimie. Nikamwandikia: daktari kakataza kupaza sauti, watanisikiaje? Akasoma, akacheka. Basi wao ndio wanyamaze!
Akasimama ukingoni. "Jamani! Kimya kidogo! Mwanangu anataka kuwasalimu, na sauti yake bado changa!"
Nyundo imeacha kugonga. Redio imezimwa. Kuna mtu kamziba mbwa mdomo, namwona kutoka hapa. Wamejipanga ng'ambo, wengine wamepanda juu ya mawe, wametega masikio. Miaka yangu yote ya ualimu sijawahi kupata darasa tulivu namna hii.
Mama mdogo ananisukuma bega, niache kuandika, watu wanasubiri. Haya, naacha –