Kondoo wa Mahari Kutoka Unguja

Mjukuu wangu Mwaja,

Baba yako amesema leo asubuhi kwamba kondoo jike uliyetuletea kutoka Unguja bado hajaongezeka kimo. Sisi wazima, na mtama umechanua. Utauliza kama kondoo huyo anaumwa. Sijui.

Wakati wa Wadachi, wale Wajerumani, mchumba wa dada yangu alileta kondoo wa mahari kutoka huko huko. Mjomba wetu akawakataa.

“Umetuletea watoto, mkwe. Mama zao umewaacha wapi?”

Kijana akafungua kinywa cha mmoja. Meno ya ukubwani yalikuwa yametimia, lakini mgongo wake ulifika usawa wa tumbo la kondoo wetu tu. Hatukujua tuamini meno au macho, na dada alikuwa akingoja.

“Wakae zizini,” mjomba akasema. “Mmoja akizaa, utaoa.”

Mmoja wao alizaa kabla ya mavuno, dada akaolewa. Mwanakondoo yule alikula majani ya kwetu maisha yake yote, na hakupita kimo cha mama yake.

Jumamosi nitaangalia meno ya huyu wako.

Babu yako